Orodha za tovuti hatari kwenye vivinjari: mwongozo kwa mfanyabiashara mwenye tovuti yake

Lori la mchele limetoka Dar es Salaam na linasubiri mpakani Rusumo. Mteja aliyeko Kigali anafungua kiungo alichotumiwa na kampuni ya usafirishaji ili aone nakala za ankara na hati za mzigo. Badala ya hati, simu yake inamwonyesha ukurasa mwekundu unaosema kuwa tovuti hiyo ni ya hatari na huenda inataka kumwibia neno la siri. Mteja anarudi nyuma. Hapigi simu kuuliza. Anaanza kujiuliza kama kampuni yenyewe ni ya kweli, na malipo ya awamu ya pili aliyokuwa ayatume siku hiyo anayasimamisha. Wakati huo ofisini Dar es Salaam hakuna anayejua kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyewaarifu.

Huo ni mfano tu, lakini kila sehemu yake inaweza kumtokea mfanyabiashara yeyote mwenye tovuti yake mwenyewe. Makala hii inaeleza orodha zinazoleta ukurasa huo mwekundu, jinsi zinavyofanya kazi, sababu za tovuti ya halali kuingizwa humo, na hatua za kuchukua kabla na baada ya kuingizwa.

Orodha hizi ni nini

Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox, Safari na Edge. Vivinjari vyote hivyo vina orodha ya anwani zinazodhaniwa kuwa za hatari. Kabla ya kufungua ukurasa, kivinjari huangalia kama anwani uliyoandika imo katika orodha hiyo. Ikiwemo, ukurasa hauonyeshwi, na badala yake huletwa onyo linalojaza kioo kizima.

Orodha kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni ya Google, inayoitwa Safe Browsing. Inatumiwa na Chrome na Firefox, na pia na Safari ya Apple katika nchi nyingi. Google inasema huduma hiyo inalinda vifaa zaidi ya bilioni 5 duniani. Ya pili ni ya Microsoft, inayoitwa SmartScreen, nayo inatumiwa na Edge. Kwa kuwa simu nyingi za Android huja na Chrome, orodha ya Google ndiyo inayomgusa zaidi mteja wa Afrika Mashariki.

Orodha hizi hazikuja jana. Mwezi Oktoba 2006 Firefox 2 ilitolewa ikiwa na kinga dhidi ya kurasa bandia, na mwezi huohuo Microsoft ikatoa Internet Explorer 7 yenye kinga ya namna hiyo. Firefox 3 ya Juni 2008 iliongeza kinga dhidi ya tovuti zinazosambaza programu haribifu. Chrome ilipozinduliwa Septemba 2008 ilikuwa na kinga hiyo tangu siku ya kwanza. Microsoft ikaleta SmartScreen katika Internet Explorer 8 mwezi Machi 2009.

Ni lazima tuseme wazi kuwa orodha hizi zina faida kubwa. Wapo matapeli wanaotengeneza kurasa zinazofanana na za benki, za barua pepe au za idara za serikali, ili mtu aandike neno lake la siri na fedha zake zichukuliwe. Mfanyabiashara anayelipia mzigo kwa mbali ni windo zuri la watu hao. Bila orodha hizi wengi zaidi wangeibiwa. Tatizo linalozungumzwa hapa ni la mtu asiye na hatia anayejikuta katika orodha hiyo, au mwenye tovuti iliyovamiwa bila yeye kujua.

Kivinjari hukagua vipi anwani

Inafaa kulielewa jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini doa moja linaweza kufunga tovuti nzima.

Kivinjari hakibebi orodha ya anwani kwa maandishi. Kila anwani ya hatari hugeuzwa kwa njia ya hesabu kuwa alama ya baiti 32, na kivinjari huhifadhi sehemu fupi ya mwanzo ya alama hiyo, kwa kawaida baiti 4. Anwani unayofungua nayo hugeuzwa vivyo hivyo, kisha alama hizo hulinganishwa. Zikifanana, kivinjari huuliza seva ya Google ipate alama kamili kabla ya kutoa onyo.

Sasa angalia kinacholinganishwa. Tuseme anwani ni mizigo.kampuniyako.co.tz/hati/ingia.html. Kivinjari hakiangalii anwani hiyo peke yake. Huivunja vipande na kuangalia pia mizigo.kampuniyako.co.tz/hati/, halafu mizigo.kampuniyako.co.tz/, halafu kampuniyako.co.tz/, na kuendelea hivyo. Anwani moja inaweza kuangaliwa kwa namna hadi 30. Kwa hiyo kama kilichoandikwa katika orodha ni ukurasa mmoja, ukurasa huo tu ndio utakaozuiwa. Lakini kama kilichoandikwa ni kampuniyako.co.tz/, basi kila kilicho chini ya jina hilo kimezuiwa: ukurasa wa bei, mfumo wa kufuatilia mizigo, ukurasa wa barua pepe, hata picha za magari yenu.

Hapo zamani kivinjari kilipakua orodha mpya kila baada ya muda, takriban dakika 30 hadi 60. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza kuwa Chrome itauliza seva papo hapo, kupitia seva ya kati inayoficha anwani ya mtumiaji. Sababu iliyotolewa ni kwamba kwa wastani tovuti ya ulaghai huishi chini ya dakika 10, kwa hiyo orodha ya nusu saa iliyopita huwa imeshachelewa. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini mwenye tovuti ajue pia maana yake: mashine inalazimika kuamua haraka sana, na uamuzi ukishatolewa unawafikia wateja wake wote mara moja.

Tovuti huingiaje katika orodha

Hakuna karani anayekaa na kusoma tovuti moja baada ya nyingine. Kazi hiyo hufanywa na programu zinazotembelea kurasa, kuzifungua kama mtu wa kawaida anavyozifungua, na kuona kama zinaingiza programu haribifu au zinafanana na kurasa za kuibia maneno ya siri. Pia yapo malalamiko yanayotumwa na watumiaji. Kwa tovuti ya biashara, sababu za kawaida ni hizi:

1. Tovuti imevamiwa. Hii ndiyo sababu ya kuangaliwa kwanza. Tovuti nyingi ndogo hutengenezwa kwa WordPress au Joomla, fundi akalipwa, akaondoka, na programu hazikuhuishwa tena. Mvamizi huingia kupitia kiongezi cha zamani na kuficha ukurasa bandia wa benki ya nchi ya mbali katika folda ambayo mwenye tovuti haifungui kamwe. Mwenye tovuti anaona ukurasa wake wa mwanzo uko salama, na hajui kuwa ndani ya ghala lake kuna mtu anauza mali ya wizi.

2. Ukurasa wa kuingilia unafanana na wa wengine. Kampuni nyingi hutumia programu za bure kwa barua pepe, kuhifadhi hati au kufuatilia magari, na huziweka kwenye seva zao. Ukurasa wa kuingilia wa programu hizo ni uleule kwa maelfu ya watu: nembo ileile, rangi zilezile, nafasi ya jina na ya neno la siri. Mashine ikikuta nembo inayojulikana kwenye anwani isiyojulikana, inaweza kudhani ni ukurasa wa kuiga.

3. Nembo za watu. Baadhi ya wafanyabiashara huweka kwenye ukurasa wa malipo nembo za benki, za huduma za pesa kwa simu au za mamlaka ya mapato, karibu na nafasi ya kuandika namba ya siri. Nia inaweza kuwa njema, lakini ukurasa wa tapeli nao huwa na sura hiyohiyo.

4. Programu za kupakua. Msafirishaji anayewapa madereva wake programu ya simu kwa kuiweka kwenye tovuti badala ya duka la Google Play anaweza kuonywa kwamba faili hilo si la kawaida, kwa kuwa ni watu wachache waliowahi kulipakua.

5. Matangazo na vipande vya nje. Ukiweka kwenye tovuti yako kipande cha programu kutoka kwa mtu mwingine, kama hesabu ya wageni au tangazo, na mtu huyo akavamiwa, ugonjwa unaingia kwako.

6. Jina lenye historia. Ukinunua jina la tovuti lililowahi kutumiwa na tapeli na likaachwa, unaweza kurithi sifa yake.

Kwa nini mwenye seva yake huumia zaidi

Kwa makala hii, mwenye seva yake ni yule ambaye tovuti yake iko chini ya jina alilolisajili mwenyewe, iwe ameiweka kwenye kompyuta ya ofisini au kwenye seva aliyoikodi. Huyu ni tofauti na anayefungua ukurasa ndani ya mtandao mkubwa wa kijamii au soko kubwa la intaneti.

Kuna sababu nzuri za kuwa na tovuti yako. Hukatwi kamisheni, orodha ya wateja wako inabaki kwako, na hakuna anayeweza kubadili masharti usiku na kukufungia duka. Lakini mbele ya mashine ya ukaguzi jina lako ni geni. Mtandao mkubwa ukiwa na ukurasa mmoja mbaya, unazuiwa ukurasa huo tu, kwa sababu inajulikana kuwa mamilioni ya kurasa nyingine si mbaya. Jina dogo lenye kurasa 20 halina sifa ya namna hiyo ya kulitetea.

Mfano wa karibuni ni wa mwezi Oktoba 2025. Immich ni programu huria ya kuhifadhi picha na video kwenye seva ya mtu mwenyewe. Watengenezaji wake walikuta kila kilichokuwa chini ya jina lao immich.cloud kimewekewa onyo la hatari na orodha ya Google. Chini ya jina hilo walikuwa wakiweka nakala za majaribio za programu yao, kila nakala na anwani yake. Waliomba ukaguzi na onyo likaondolewa, lakini nakala mpya ya majaribio ilipotengenezwa onyo likarudi. Mwishowe waliamua kuzihamishia nakala za majaribio kwenye jina jingine kabisa, immich.build, ili zisiharibu mambo mengine. Hao ni watu wenye ujuzi mkubwa wa kompyuta. Kampuni yenye malori 6 na fundi anayekuja mara moja kwa mwezi itapata shida zaidi.

Hata waendeshaji wa orodha hukosea. Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, kuanzia kama saa 11:30 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, utafutaji wa Google ulionya kuwa karibu kila tovuti duniani inaweza kudhuru kompyuta. Google ilieleza siku hiyo kuwa mtu aliingiza alama ya mkwaju mmoja, yaani /, katika orodha kwa bahati mbaya, na kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani, kila anwani ikahesabika kuwa mbaya. Kosa lilirekebishwa ndani ya saa moja. Lilirekebishwa haraka kwa sababu lilimgusa kila mtu. Kosa likikugusa wewe peke yako, wa kulifuatilia ni wewe.

Usichanganye maonyo

Kabla ya kuhangaika, hakikisha unajua ni onyo gani umeonyeshwa. Yako manne yanayochanganywa mara kwa mara.

Onyo la orodha: ni ukurasa mwekundu unaotaja hatari, udanganyifu au programu haribifu. Hilo ndilo linalozungumzwa hapa.

Onyo la cheti: kivinjari kinasema muunganisho si wa faragha. Mara nyingi cheti cha usalama kimekwisha muda. Vyeti vya bure kama vya Let's Encrypt hudumu muda usiozidi miezi 3, na mfumo wa kuvihuisha ukikwama onyo hutokea. Fundi hulimaliza kwa dakika chache, na halihitaji rufaa kwa mtu yeyote.

Alama ya "si salama" karibu na anwani: tangu Chrome 68 ya Julai 2018, kila tovuti isiyotumia HTTPS huwekewa alama hiyo. Tovuti inafunguka, ila haina cheti.

Kuzuiwa kwa barua pepe: barua zako zinarudi au zinaingia kwenye taka. Hapo huenda jina lako au seva yako imo katika orodha nyingine, kama za Spamhaus, ambazo ni za barua pepe na zina utaratibu wake wa kuondolewa.

Maandalizi kabla ya tatizo

Jambo kubwa tunalotaka msomaji akumbuke ni hili: mlango wa kulalamikia hufunguliwa kabla ya kuhitajika. Google haina ofisi ya kupiga simu kwa ajili ya jambo hili. Taarifa na maombi ya ukaguzi hupitia huduma ya bure inayoitwa Search Console, na wewe hutapata taarifa yoyote humo kama hujathibitisha kuwa jina la tovuti ni lako. Fanya yafuatayo wiki hii:

1. Jiandikishe Search Console na uthibitishe jina lote la tovuti kwa kuweka rekodi ya TXT mahali unaposimamia jina hilo. Uthibitisho wa namna hiyo unajumuisha anwani zote zilizo chini ya jina. Tumia akaunti ya kampuni, si ya fundi. Fundi akiondoka na akaunti, ameondoka na ufunguo.

2. Jua jina lako limesajiliwa wapi, kwa anwani gani ya barua pepe, na litakwisha lini. Anwani hiyo isiwe ile iliyo chini ya jina hilohilo, maana siku likifungwa hutapata ujumbe.

3. Tenganisha majina. Tovuti ya kutangaza kampuni iwe na jina lake. Mfumo wa wateja kuingia na kufuatilia mizigo, kama uwezo unaruhusu, uwe na jina la pili. Majaribio ya fundi yawe mahali pa tatu. Gharama ya kusajili jina la ziada kwa mwaka ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya lori kusimama.

4. Funga visivyohusu umma. Ukurasa wa kusimamia tovuti, barua pepe ya ofisi na kurasa za majaribio zisiachwe wazi kwa dunia nzima. Fundi anaweza kuweka neno la siri la pili kwenye seva yenyewe, au kuruhusu waliounganishwa na mtandao wa ofisi tu.

5. Weka jina la kampuni yako, nembo yako na maelezo mafupi kwenye ukurasa wa kuingilia, badala ya kuacha sura iliyokuja na programu. Ondoa nembo za watu karibu na nafasi ya neno la siri.

6. Huisha programu za tovuti, futa viongezi visivyotumika, na weka nakala ya akiba mahali tofauti na seva.

7. Programu ya madereva ipelekwe Google Play kama inawezekana.

8. Wakala anayewapa wateja wake kurasa chini ya jina lake mwenyewe, kila mteja na anwani yake, ajue kuwa mteja mmoja mbaya anaweza kuwaangusha wote. Ipo orodha ya wazi iitwayo Public Suffix List, ambayo vivinjari huitumia kutambua majina yanayogawanywa kwa watu tofauti, kama co.tz na co.ke. Mwenye huduma ya namna hiyo anaweza kuomba jina lake liingizwe humo. Hiyo si kinga ya kila jambo, lakini inaonyesha wazi kuwa chini ya jina hilo wako wenyeji wengi.

9. Weka namba za simu za wateja kwenye daftari au faili lililo nje ya tovuti.

Ukishaingizwa katika orodha

Kwanza, thibitisha. Fungua tovuti yako kwenye Firefox na kwenye Edge. Ikizuiwa Firefox tu, tatizo liko kwenye orodha ya Google. Ikizuiwa Edge tu, liko kwa Microsoft. Google pia ina ukurasa wa wazi katika Transparency Report ambapo mtu yeyote anaweza kuandika anwani na kuona hali yake.

Pili, usiwaambie wateja walipuuze onyo. Ni kweli kwamba vivinjari huacha njia ndogo ya kupita, lakini hujui bado kama tovuti yako imevamiwa. Ukimwambia mteja apite, kisha akaibiwa, hasara hiyo itakuwa na jina lako. Tena, mteja aliyezoeshwa kupita onyo kwako atapita onyo la tapeli kesho.

Tatu, wapigie simu wenye mizigo iliyo njiani. Waeleze kuwa tovuti ina tatizo, hati mtawatumia kwa njia nyingine wanayoijua, na namba ya akaunti ya malipo haijabadilika. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko zote, kwa sababu matapeli hupenda kujitokeza wakati wa mkanganyiko na kutuma "akaunti mpya".

Nne, ingia Search Console na ufungue sehemu ya masuala ya usalama. Hapo utaonyeshwa aina ya tatizo, na mara nyingi mifano ya anwani zilizolalamikiwa. Mpe fundi anwani hizo. Atafute mafaili mapya asiyoyajua, watumiaji wapya wenye madaraka, na maelekezo yanayowapeleka wageni kwingine. Wakati mwingine mvamizi huonyesha ukurasa bandia kwa wanaotoka kwenye utafutaji tu, hivyo kuangalia mara moja kutoka ofisini hakutoshi. Badilisha maneno yote ya siri: ya tovuti, ya seva na ya barua pepe. Kama kuna nakala safi ya akiba, irudishwe, kisha programu zihuishwe kabla ya kufungua tena. Ukifuta ukurasa mbaya bila kuziba tundu, utarudi.

Tano, omba ukaguzi. Eleza kwa ufupi tatizo lilikuwa nini, mmefanya nini, na hali sasa ikoje. Kwa maelezo ya Google, ukaguzi wa kurasa za ulaghai huchukua kama siku moja, wa programu haribifu siku chache, na wa tovuti iliyojazwa taka na wavamizi unaweza kuchukua wiki kadhaa. Usitume ombi la pili kabla ya jibu la kwanza. Na usiombe ukaguzi kabla hujasafisha. Tangu Novemba 2016 Google ina utaratibu wa kuwatambua wanaorudia makosa, na aliyewekwa kundi hilo haruhusiwi kuomba ukaguzi kwa siku 30. Kwa msafirishaji, siku 30 ni msimu.

Sita, kama una hakika kuwa hakuna kosa na umezuiwa kama ukurasa wa ulaghai, Google ina fomu ya kuripoti kuwa onyo limetolewa kimakosa. Kwa Edge, ukurasa wenyewe wa onyo una kiungo cha maelezo zaidi ambapo unaweza kuripoti kwa Microsoft kuwa tovuti haina hatari. Ukiondolewa kwenye orodha moja hujaondolewa kwenye nyingine. Kila mlango hugongwa peke yake.

Saba, baada ya onyo kuondoka, endelea kuangalia kwa wiki kadhaa, na uandike kumbukumbu ya kilichotokea. Mteja mkubwa akiuliza, ni heri kumwonyesha tarehe na hatua kuliko kumwambia "ulikuwa mtandao tu".

Kwa anayeonyeshwa onyo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wako upande wa pili pia: ni wanunuzi wanaofungua tovuti za wengine. Ukiona ukurasa mwekundu, usiandike neno la siri wala usipakue faili. Mpigie mwenzako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye kiungo au ujumbe wa siku hiyo. Angalia herufi za anwani moja moja, kwani tapeli hubadilisha herufi moja tu. Usitume fedha mpaka umezungumza na mtu unayemfahamu sauti. Na ukishathibitisha kuwa kampuni ni ya kweli, mwambie mwenyewe kuhusu onyo hilo, maana huenda wewe ndiye wa kwanza kumpa habari.

Nani anayeamua

Wapo wanaolalamika kuwa si haki kampuni mbili za Marekani kuamua kama duka la Mwanza au Bujumbura litafunguka kwenye simu ya mteja. Malalamiko hayo yana msingi. Mwenye tovuti hasikilizwi kabla ya hukumu, sababu hutolewa kwa ufupi, na hasara ya siku za kusubiri hailipwi na mtu. Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hiyo, kwani mzigo wake nao huweza kusimamishwa kwanza na kuulizwa baadaye. Tofauti ni kwamba mpakani kuna ofisa wa kumwona na karatasi ya kumwonyesha.

Hata hivyo, anayesubiri mfumo ubadilike bila kujiandaa atasubiri akiwa amefungiwa. Tovuti ya biashara ni sawa na gari la biashara: kulinunua ni mwanzo tu, kuna ukaguzi, matengenezo na karatasi za kuweka tayari kabla ya safari. Kampuni iliyothibitisha jina lake mapema, iliyotenganisha mifumo yake na yenye namba za wateja mkononi, inaweza kuingizwa katika orodha asubuhi na bado mzigo ukavuka Rusumo jioni. Isiyofanya hivyo inaweza kusimama siku nyingi kwa kosa la faili moja lililowekwa na mtu isiyemjua.